Nishani Kwenye Sanduku la Mama

...na kalamu haina kosa, inaandika vizuri, mistari sita nimeijaza kwa mwandiko wangu uleule wa kulala, jina, nambari ya jeshi, kikosi, tarehe ya kuajiriwa, tarehe ya kustaafu, jina la shahidi, sikutetemeka hata mara moja, sitetemeki mimi, mkono huu umeshika bunduki miaka ishirini na mitatu, sasa mbona umesimama juu ya mstari wa saba kama mbuzi aliyefika kwenye dimbwi, na huyu binti Beryl ananitazama kwa adabu, amekuja kutoka Nairobi na kompyuta yake na gari la ofisi ya kumbukumbu za jeshi, siku mbili tu hapa Kwale, jana na leo, saa kumi wanafunga mizigo wanateremka, na ukutani ni saa tisa na dakika arobaini, "Mzee, ni hapo tu pamebaki," anasema, "ukisaini hapo mimi naingiza kwa sistimu, nishani inarudi kwa jina lako, imeisha," imeisha, haya, na ni kweli, kesi yangu haina pengo, nimeipanga kama nilivyokuwa nikipanga doria, vyeti viko, barua ya kikosi iko, shahidi nimekuja naye akiwa hai, yupo kwenye benchi pale mlangoni anakohoa, nani atanishinda, ila mstari wenyewe unasema, "Ninathibitisha kwamba nishani iliyotajwa hapo juu iliingizwa kimakosa katika kumbukumbu za Chome Boga, marehemu, ambaye hakuistahili, na kwamba nitairejesha ofisini ndani ya siku thelathini," hakuistahili, aliyeliandika neno hili hakuwa na baba, au alikuwa naye wakakosana.

Kosa lenyewe wala si la ajabu, sina kinyongo nalo, kwetu Wadigo mtoto wa kwanza wa kiume anabeba jina la babu yake, babu alikuwa Boga wa Chome, akamzaa Chome wa Boga, naye akanizaa mimi Boga wa Chome, na kifungua mimba wangu ni Chome, tunazunguka kama ngamia wa kinu na sisi wenyewe hatupotei, lakini mweke karani wa bara mbele ya orodha za jeshi, ambako jina la mwisho ndilo linaloandikwa mwanzo, Boga Chome anageuka Chome Boga, karani anafungua kabati, anamtafuta Chome Boga na anampata kweli, wa Msambweni kweli, askari kweli, koplo mstaafu, tena kafariki juzijuzi, basi anaandika nambari ya baba badala ya yangu, anapiga muhuri, anakwenda kunywa chai, na mimi niko kambini nang'arisha buti, sina habari, nishani yangu imeshapanda gari inakwenda kwetu kwa jina la mtu mwingine... "Mzee, chukua taimu yako, lakini nyuma yako kuna watu wanne," najua kuna watu wanne, nimewahesabu nilipoingia, mmoja wao ni Waziri, Waziri ambaye kila sherehe ya Mashujaa huja na nishani zake mbili kifuani, ananitazama mimi na jaketi langu tupu, ananiambia, "Sajini, leo jaketi limepigwa pasi, mashaallah," pasi, yeye nishani ya kwanza alipewa kwa kukaa jeshini muda mrefu bila kufa, na mimi nacheka, nimecheka miaka yote hiyo, leo sitaki kucheka tena, nataka kuivaa, nasema wazi, naitaka, ni yangu, uzee haunizuii kutaka kitu changu.

Kalama huyo, shahidi wangu, anakohoa tena, "Sajini, hiyo ni fomu au barua ya posa?" anauliza kutoka kwenye benchi, watu wanacheka, "Nyamaza wewe, mzigo," namjibu, na jina hilo kajipa mwenyewe, mzigo, tangu siku ile tulipokwenda kulinda amani Siera Leone mwaka wa elfu mbili, mvua ya siku tatu, daraja limekwenda, risasi imempata pajani, na kapteni anatupigia kelele tuvuke, na mto si mto tena ni bahari ya udongo, nikamfunga mgongoni kwa mkanda wangu na wake, maji yakafika kiunoni, yakafika kifuani, kisha miguu ikakosa chini nikaogelea, naye ananisomea Baba Yetu uliye mbinguni sikioni kwa Kiduruma, nikamwambia Kalama sali polepole unaninyonga, ng'ambo tulitokea mbali sana na tulipoingilia, bega langu la kulia limechanwa na kisiki, kovu lipo, mvua ikija hulijua kabla yangu, na leo figo zimemchoka, anasafishwa damu Msambweni mara mbili kwa wiki, jana amesafishwa, leo kapanda mpaka huku mlimani na kofia yake ya sufu kusema mbele ya meza, "Aliyebebwa ni mimi, aliyebeba ni huyu," sentensi moja, kisha akakaa kwa sababu miguu haikumruhusu kusema ya pili, kapteni alishakufa, waliobaki siwajui walipo, kwa hiyo shahidi wangu ni huyo mmoja na hakuna ajuaye wiki ijayo itamkuta wapi, ndiyo maana ni leo, Boga, ni leo, saini.

Lakini mama... mama yuko nyumbani Msambweni, miaka themanini na sita, macho yamepungua, masikio hapana, Bi Mwanaima binti Swabir, na nishani iko kwenye sanduku lake chini ya kanga za harusi, imefungwa kwa leso, inanukia udi, na nitaingia vipi chumbani mle niseme mama, nipe ile nishani ya baba, serikali imesema hakuistahili, nitasema kwa mdomo gani, risasi sikuziogopa, mto sikuuogopa, mama yangu namwogopa, si kwamba ni mkali, ni kwamba anafurahi, na furaha ya mtu mzima kama ile huigusi ovyo... maana ilikuja siku ya arobaini ya baba, nimepewa ruhusa ya siku tano, kisomo kimekwisha, pilau inapakuliwa uani, gari la jeshi likasimama nje, akashuka meja na kisanduku, akasimama ukumbini akasoma karatasi yake kwa Kiswahili cha kusimama wima, kwamba askari huyu shujaa, katika mwaka wa elfu mbili, alivuka mto uliofurika akiwa amembeba mwenzake aliyejeruhiwa, na mimi nimeshika sinia, sinia nikaliweka chini, nilijua pale pale, nilijua kwa bega kabla ya kichwa, huyo ni mimi, nikafungua mdomo niseme, afande, umekosea mtu, na nyuma ya pazia mama yuko kwenye eda, haonekani, siku arobaini hajasema neno zaidi ya alhamdulillahi, nikamsikia anavuta pumzi kwa nguvu, mara moja, kisha wanawake mle ndani wakaanza kumwambia hongera Bi Mwanaima, mumeo alikuwa simba na hukutuambia, nikaufunga mdomo, meja akanipa mimi kisanduku nimpelekee, nikanyoosha mkono nikaupitisha kando ya pazia, nikahisi mkono wake umeshika kifundo cha mkono wangu, kwa nguvu, kwa muda, nikasema ni msiba huo, kisha akakipokea kisanduku.

Nikasema acha, acha afurahi, baba naye miaka ishirini na moja ya jeshi akihesabu mablanketi bohari, amestaafu koplo, hakupewa hata kipande cha bati cha kumshukuru, na alikuwa akitamani, alikuwa akitazama magwaride kwenye televisheni ya jirani mpaka kikosi cha mwisho kipite, basi na akae nayo, mimi bado kijana, zitakuja nyingine, hazikuja, na nikastaafu, wakanifungulia faili wakaniambia sajini, huku kwenye tuzo hakuna kitu, na bado nikanyamaza kwa ajili yake, na hilo nalo ni la kupewa nishani, nasema kweli, nani angeweza, na kila Idd, kila Idd ndogo na kubwa, ananiita, watoto wake wako watano, dada yangu Hafsa anaishi nyumba ya pili tu, lakini anayeitwa ni mimi, "Boga, njoo unisugulie hii, hawa wengine hawajui," nakaa kwenye mkeka na ndimu na majivu nasugua nishani yangu ya jina la baba, naye ananitazama, kisha anaipokea, anaifunga, na mimi naondoka nimejaa kifua, najiambia laiti ungejua, mama, laiti ungejua mwanao anavyokulinda...

"Sawa, wacha nikusomee mara ya mwisho, tuhakikishe maelezo ni sahihi," Beryl anasema, ameigeuza kompyuta kidogo upande wangu, anasoma kwa kidole, "alivuka mto uliofurika, akaogelea umbali wa kama mita themanini katika mkondo mkali, akimbeba mwenzake," anacheka kidogo, msichana mzuri, "mita themanini. Sisi huko kwetu maji ni ya kuoga tu. Kwani huko kwenu baba na mtoto wote mlikuwa mnaogelea hivyo?" na mimi namjibu, "Baba? Baba hakuingia maji yaliyopita kifundo cha mguu," najibu upesi upesi huku nacheka pia, maana ndiyo kichekesho cha nyumba yetu, mtoto wa mvuvi anayeogopa maji, babu alitoka kuvua upande wa Chale baba akiwa na miaka tisa na waliomrudisha walimrudisha amefunikwa tanga, baba akaikataa bahari, akaenda jeshini kuikimbia, na siku ya harusi ya dada yangu Subira mvua ilinyesha, mto Mkurumudzi ukajaa, watu wazima kwa watoto wakavuka kwa kushikana mikono, maji mapajani tu, baba akakaa ng'ambo na mbuzi wa harusi siku mbili nzima mpaka maji yakashuka, harusi ikapita, na mama kila harusi tangu hapo huwasimulia wageni, anawachekesha mpaka wanalia, mume wangu askari wa nchi kavu, ndoo ikijaa anazunguka...

Mama husimulia. Mama. Mama mwenyewe ndiye anayesimulia, miaka zaidi ya arobaini kalala naye kitanda kimoja, kamchotea maji ya kuoga kwa kopo kwa sababu hata pipa hakulipenda, na siku ile nyuma ya pazia anasikia kwa masikio yale yasiyopungua, alivuka mto uliofurika, aliogelea, na ile pumzi, subhanallah, ile pumzi haikuwa ya mjane anayemfahamu mumewe upya, na kovu la bega yeye ndiye aliyelipaka mafuta ya nazi nilipokuja likizo, akauliza nini hiki, nikamwambia kisiki cha mtoni, kwa mdomo wangu mwenyewe nilimwambia, na mkono, mkono wake, haukushika kisanduku, ulinishika mimi kwanza, kisanduku ulikipokea baadaye... ah, Boga, sajini mzima, mpanga doria, miaka ishirini na zaidi unajipigia saluti kwamba unamlinda mwanamke asiyehitaji mlinzi, na kila Idd anakukalisha kwenye mkeka, anakupa nishani mkononi, anakutazama, anangoja useme, na wewe unasugua, unasugua na kuondoka, moyo wake una subira gani, na kwa nini hakusema yeye, labda na yeye aliona acha, acha na marehemu apate kidogo, ila mwanangu akiidai nitampa, na mwanawe hakudai.

Nataka kucheka na macho yananiwasha, sijali, watu wa Kwale na wanione, nitaingia chumbani mle jioni hii, nitasema shikamoo mama, nimekuja kuichukua, naye ataniuliza jambo moja tu, nilichelewa wapi, lakini hili neno hakuistahili silikubali, nitamwambia binti alikate, iliingizwa kimakosa inatosha, aliyekosea ni karani, baba hakukosa kitu, baba alikaa ng'ambo na mbuzi, basi... "Mzee? Uko sawa?" Beryl anauliza, "Posa imekataliwa hiyo," anasema Kalama mlangoni, na Waziri anakohoa kwa kusudi, na saa ya ukutani imesogea dakika tano tu, na kalamu iko palepale juu ya mstari wa saba, wino haujagusa karatasi, na mimi nimekaa wima kwenye kiti changu cha plastiki, najua sasa kwamba tangu siku ya pazia lile mtu aliyekuwa ng'ambo akingoja maji yashuke ni mimi, na mama amesimama ukingo wa pili, kaishika nishani yangu, ananisubiri nivuke.