Mstari Mmoja wa Ijumaa

Ijumaa saa tano asubuhi, sindano iliyotoka kwa mgonjwa mwenye virusi vya UKIMWI ilimchoma kidole mtaalamu wa maabara. Alikuwa akiirudishia kifuniko, kosa lile lile alilowagombezea wenzake mwaka mzima hadi wakambandika jina Mama Vifuniko. Sasa aende kusema nini? Alijifungia, akajipima. Mstari mmoja: hana virusi. Akashusha pumzi, akafyata mdomo.

Jumatatu asubuhi akaingia fundi ujenzi, jasho linamtiririka.

"Dada, juzi nimefanya ujinga. Nipime nijue moja."

"Nitakupima, lakini leo hutajua," alimjibu kwa mazoea. "Kipimo hiki hakioni virusi. Kinaona kinga ambazo mwili hutengeneza ukishavamiwa, na hizo huchukua wiki kadhaa. Leo kitasema huna, hata kama..."

Akakitazama kidole chake.

"Hata kama nini?"

"Kuna vidonge vya kuzuia. Uanze kabla saa sabini na mbili hazijapita."

Akatazama ukutani. Saa nne na nusu. Yeye alibakiwa na nusu saa! Mpumbavu mkubwa, miaka yote anawafundisha watu, kisha anajidanganya kwa kipimo chake mwenyewe.

"Twende," akamwambia fundi, akatoka mbio.

Funguo za kabati la dawa alikuwa nazo wifi yake, dada wa mumewe, muuguzi asiyejua kumung'unya maneno.

"Wifi, mbona mbio? Umeniletea mgonjwa?"

"Wawili."

Wifi akachungulia mlangoni. "Wa pili yuko wapi?"

"Ni mimi. Sindano. Ijumaa saa tano."

Wifi aliangua kicheko, kisha akamwona uso, akazichomoa funguo. Ufunguo wa kwanza ukagoma, wa pili ukagoma. Kabati lilipofunguka zilibaki dakika kumi na mbili. Mama Vifuniko alimeza vidonge kabla hata ya kupewa maji; fundi akameza vyake baada yake.

"Kaka yangu anajua?"

"Hajui."

"Siku tatu mmelala kitanda kimoja, hajui?" Wifi akamsogezea simu. "Mpigie. Hapa hapa, nikiwa nakuona."

Aliogopa simu ile kuliko sindano. Mumewe alipokea akicheka, akauliza arudi na nini kutoka sokoni.

"Ijumaa nilichomwa sindano yenye damu ya mgonjwa," akasema. "Nikakuficha."

Kicheko kikakatika.