Herufi za Mstari wa Mwisho

Usiku wa jana niliota nimesimama katikati ya kiwanja chetu cha ndege, kile cha nyasi chini ya mlima Hanang, nikisubiri kupimwa macho. Sikushangaa. Leo ndiyo siku yangu ya kupimwa, na mzee wa miaka sabini na moja akiota jambo la akili, huyo ndiye wa kushangaza.

Niwaeleze hali ilivyo. Mimi na Gwandu, daktari wa mifugo mstaafu, tuna ndege ya viti viwili, kongwe kuliko ndoa zetu. Jumamosi inatuzungusha mlima na kuturudisha tulipotoka. Watu huuliza tunakwenda wapi. Hatuendi popote. Na ili uruhusiwe kutokwenda popote, lazima daktari akupime macho kila mwaka.

Ule mstari wa mwisho wa chati sijauona miaka sita. Nimeukariri. F, Z, B, D, E, O. Shule niliisoma kwa vipande, darasa la kwanza Mbulu, la pili Singida, la nne juu ya lori, lakini mstari ule naujua kuliko Baba Yetu.

Binti yangu alinitengenezea miwani. Imo kwenye droo, ndani ya kasha, na kibandiko cha dukani hakijabanduliwa. Juzi Gwandu akaniambia, "Tluway, vaa miwani, ndugu yangu. Jana umemsalimia punda ukidhani ni mimi."

"Nilijua ni punda," nikamjibu. "Ndiyo maana nilimsalimia kwa heshima."

Tatizo ni Jumamosi hii. Nimemwahidi mjukuu wangu Leokadia, miaka kumi, kumrusha kwa mara ya kwanza. Ameshalitangazia darasa zima.

Basi, ndotoni, daktari ni soksi ya upepo, lile tambara jekundu linaloning'inia mlingotini kutuonyesha upepo unakovuma. Imevaa koti jeupe.

"Funika jicho moja," inasema.

Nafunika.

"Soma mstari wa mwisho."

"F, Z, B, D, E, O."

"Chati sijaitundika bado."

Nyuma yangu mtu anakohoa. Nageuka. Ni herufi sita zimepanga mstari, kila moja kimo cha mtoto wa darasa la tatu. B inatoka jasho.

"Shikamoo, mzee," inasema B.

"Marahaba. Nyie watoto wa nani?"

"Hutujui?" inauliza F. "Kila mwaka unatuita majina kama mwalimu wa zamu, halafu hutujui?"

"Majina nayajua. Sura ndiyo mara ya kwanza."

"Tulidhani hivyo," inasema Z. "Sasa na sisi tunataka kurushwa. Miaka sita tunakupatia kibali, hata siku moja hujatupandisha."

Nasema ndege inabeba abiria mmoja tu. Soksi inafungua kitabu cha sheria. "Huu ni mstari mmoja," inasema. "Mstari mmoja, abiria mmoja. Twende."

B inapimwa kwenye mzani. Kilo themanini, kwa sababu ya matumbo mawili, kwa hiyo inakaa mbele, pembeni yangu. O inawekwa kwenye mizigo na kuambiwa isibiringike. Inaahidi.

Nakagua kabla ya kuruka, kwa kuita kila kitu kwa sauti nacho kiitike, kama sheria inavyotaka.

"Mafuta?"

"Tupo."

"Breki?"

"Nipo, ila usinitegemee sana."

"Macho?"

Kimya. Natia alama ya tiki, kama siku zote.

Tukishafika juu, ndege inakuwa darasa la kwanza, Mbulu. Nimekaa kwenye dawati nimeshika usukani. Kioo cha mbele ni ubao. B haipo tena pembeni yangu. Yupo Leokadia, na sare ya shule, amefunga mkanda.

"Babu, kile cheusi mbele ni nini?"

"Wingu."

"Wingu lina masikio?"

"Mengine yanayo."

Wingu linapita karibu na bawa, linalia kwa sauti kubwa, linatikisa mkia. "Habari za asubuhi, Daktari Gwandu," nasema.

"Babu, huyo ni punda."

Herufi zinafungua mlango, zinaruka moja moja, zinalala chini kwenye nyasi zikiwa ndefu kama nyumba, kunionyesha pa kutua. Naona sehemu mbili za kijani. Moja ni kiwanja chetu. Nyingine ni uwanja wa mpira wa shule yao Leokadia, na darasa zima limekaa pale katikati, limekuja kutuangalia.

"Tusome!" zinapiga kelele.

"F, Z, B..."

"Tumebadilishana nafasi!" inalia B. "Soma tulivyolala!"

Nakodoa macho. Kijani na kijani. Namgeukia Leokadia. Amefumba macho.

"Unaogopa?"

"Hapana, Babu. Nimefumba ili tuwe sawa."

Injini inazima yenyewe, kwa adabu.

"Sioni," nasema.

"Rudia, hatujakupata," inasema soksi kwenye redio.

"Sioni, jamani! Miaka sita sioni!"

"Vizuri. Rudia ukaguzi."

"Macho?" naita.

"Tuko kwenye droo," yanajibu. "Tumekuwa tukiita muda wote."

Droo inafunguka chini ya usukani. Navaa miwani. Mtu anafuta ubao, na kwa kuwa ubao ndio kioo, kioo nacho kinafutika. Upepo na wadudu wote wa mashamba ya ngano vinanipiga usoni. Lakini nazisoma: O, D, F, B, E, Z. Magurudumu yanagusa nyasi zilizo zetu.

"Tumefika?" anauliza Leokadia, macho bado kafumba.

Nikaamka kabla sijamjibu.

Kumekucha. Nikafungua droo, kumaliza ubishi tu. Kasha lipo. Kibandiko kipo, hakijaguswa. Nikakibandua, nikafungua. Vioo vyote viwili vimejaa wadudu waliopondeka, pamoja na ganda la ngano. Mguu mmoja wa panzi ulikuwa bado unatikisika.

Nikaifuta kwa shati, nikaivaa, nikatoka nje kumsubiri Gwandu anipeleke kupimwa.

Miaka sita nimeuzunguka mlima Hanang kila Jumamosi. Una miti.