Kete Iliyobaki Nje

Kete ya Jumaine ikigongwa, mke wake Asumini alijikuta nje ya nyumba, na hakuweza kuingia mpaka kete iingie. Mambo yalikuwa hivyo tangu mwaka wa 1954, na majirani wa Goma walishazoea. Nyiransengimana, mama wa nyumba ya pili, alimwekea kigoda.

Mchezo ulikuwa tawla, wa ubao na dadu, ambao baba yake Jumaine alitoka nao Kasongo. Kila mmoja ana kete kumi na tano, na anayetangulia kuzitoa zote ubaoni hushinda. Kete mbili zikikaa pamoja, hakuna wa kuzigusa. Moja ikikaa peke yake, mpinzani akiifikia huigonga na kuiweka katikati ya ubao. Mwenyewe hurusha dadu mpaka apate mlango, yaani nyumba isiyozibwa kwa kete mbili, katika nyumba sita za mpinzani ubaoni. Zote sita zikizibwa, hakuna kurusha. Ni kungoja tu.

Jumaine alicheza kila alasiri na Nasoro, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, aliyewahi kumposa Asumini kabla yake. Jumaine hakumpenda Nasoro hata kidogo. Alicheza naye kwa sababu mtu aliyekaa mbele yako hawezi kuwa mahali pengine.

Mwanzoni Asumini alitoka na kurudi upesi. Siku moja alikaa nje mirusho miwili tu, akarudi na fungu la lengalenga, anacheka.

"Unacheka na nani?"

"Na mama wa mboga. Ameniongezea."

"Mama gani?"

Tangu siku hiyo Jumaine hakuacha tena kete peke yake. Alizipanga mbilimbili, tatutatu. Na Asumini hakwenda tena sokoni bila dada wa mumewe.

"Papa Jumaine," Nasoro alimwambia, "acha moja peke yake sasa, kwangu milango ingali wazi. Nikiigonga, bibi yako ataingia mara moja. Ukingoja, siku utakapolazimika nitakuwa nimefunga yote."

"Unataka atoke, sivyo?"

"Miye nataka kucheza. Wewe unachunga mbuzi."

Alhamisi moja dadu zilimlazimisha Jumaine. Kete zake mbili zilizokaa pamoja upande wa Nasoro zikatengana, moja ikabaki. Nasoro akaigonga kwa kete mbili, na mlango wa sita ukazibwa papo hapo.

Asumini alikuwa anasonga ugali. Mwiko ulibaki ndani ya sufuria, yeye akawa uchochoroni, mikono ina unga. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Kila alipoinua mguu, kizingiti kilisogea hatua moja.

"Sema umeshindwa," alisema Nasoro. "Tupange upya, mama aingie, ugali unaungua."

Jumaine aliusikia ukiungua. Angekuwa mwanamume mwingine yeyote, si Nasoro, Jumaine angemwambia neno hilo.

"Cheza."

Nasoro alikuwa na nguo za harusi za kushona, akawa anakuja kurusha mara chache kila alasiri, kisha anakwenda zake. Akiondoka, Jumaine alifunika ubao kwa beseni. Asumini alilala kwa Nyiransengimana. Alikwenda sokoni peke yake, akateka maji ziwani peke yake. Dirishani, Jumaine alihesabu wanaume waliomsalimia: siku ya kwanza kumi na mmoja, ya pili kumi na tisa. Siku ya tatu Asumini hakuutazama tena mlango.

Alasiri hiyo Nasoro alianza kutoa kete zake, na nyumba yake ya sita ubaoni ikabaki tupu. Jumaine akarusha, akapata sita, akaingiza kete.

"Asumini! Ingia!"

Asumini aliweka mguu juu ya kizingiti. Kilitulia. Akakikanyaga mara mbili kuhakikisha, akauondoa mguu.

"Nimeona," alisema, akashika njia ya Mugunga, kwa mama yake.

Jumaine alimgeukia Nasoro.

"Ulimwambia nini?"

"Miye? Si nilikuwa nimekaa hapa mbele yako?"

"Ndiyo. Ulimwambia nini?"

Nasoro akampa dadu, wakamaliza. Nasoro alitoa kete zake zote kumi na tano. Jumaine alitoa nne. Mchezo huo ulimgharimu kete kumi na moja, sufuria moja iliyoungua, na mke wa miaka sita.