Vimulimuli vya Kubandua

Nthenya, fundi wa umeme wa magari, alipomsikia mzee Muthama akisema anataka vimulimuli vya sumaku, zile taa za dharura za kubandika juu ya gari, aliacha waya aliokuwa akiufunga akamtazama vizuri. Gari lilikuwa la kanisa lao la hapo mjini Kabati, lililonunuliwa kwa michango ya harambee ili libebe wagonjwa, na Muthama, mzee wa kanisa, ndiye aliyechaguliwa kuliendesha. Sasa mgonjwa na taa za kubandua, wapi na wapi?

Alimwonyesha vya buluu, akavikataa, eti vitamfanya aonekane polisi. Hapo alikuwa na akili. Akachagua vyekundu. Lakini kila Nthenya alipogusia kutoboa paa na kuvikaza kwa bolti, mzee alirudi palepale: sumaku. Alipoulizwa sababu alisema tu kwamba kuna siku atataka kuvitoa, kisha akaenda zake kunywa chai.

Nthenya alifungua mlango wa nyuma, akainua zulia. Vumbi jeusi la makaa. Mwaka uliopita alifunga taa kwenye gari la mteja mpole kama huyu, likanaswa na magunia ya makaa ya magendo, naye akakaa seli siku mbili akieleza kwamba hakujua. Safari hii hachezewi. Taa zikiwa juu, ni mgonjwa. Zikibanduliwa, ni magunia. Alishika drili akatoboa paa mashimo manne, akakaza bolti mpaka mkono ukamuuma. Hasira haikuisha, akaunganisha waya na mlango wa nyuma, ili kila ukifunguliwa taa ziwake na watu wote waone kinachopakiwa.

Mzee aliporudi, Nthenya alimfungulia mlango huo makusudi. Vimulimuli vikawaka.

"Sasa utabeba makaa watu wakikuona," alimwambia.

Muthama hakukasirika. Alisema makaa yatakuwa ya mwenye gari wa kwanza, zulia hilo yeye hajawahi kulifunua. Kisha aliketi juu ya tairi kuukuu, na alipoongea hakumtazama.

"Bibi yangu alikata roho njiani tukimpeleka hospitali ya Mutomo kwa ambulensi. Tukarudi na yeye nyumbani. Taa zilikuwa zimezimwa, lakini watoto waliziona huko juu wakadhani mama amepona. Wakakuja mbio kuniambia wamempashia maji ya kuoga. Ndiyo maana nilitaka za kutoa. Watu wakiona gari ikikuja bila taa, wajue mapema."

Aibu ilimjaa Nthenya. Alikata waya wa mlango kwa koleo, akapanda juu na spana, akaanza kulegeza bolti ya kwanza.

Muthama alimwambia aache. Mashimo yakibaki wazi, wagonjwa watanyeshewa.

"Wacha tu zikae," alisema. "Siku mgonjwa akinifia njiani, nitaacha gari kwa barabara, niende kwao na miguu."