Bitana ya Koti la Dabaso

Ng'ombe wa Dabaso walikufa wote mwezi wa Agosti, mwaka ule wa themanini na nne, na kufikia mwisho wa Septemba walikuwa wamezaa ndama wawili. Habari za uzazi huo alizileta yeye mwenyewe mkahawani. Alizitandaza mbele ya wazee wenzake huku akinywa chai ya rangi, ingawa mtu mwenye ndama wachanga angetarajiwa kunywa ya maziwa. "Guracha amezaa jike," alitangaza. "Dima amezaa dume." Wazee wakamshukuru Mungu kwa niaba yake. Hakuna aliyeuliza ng'ombe hao walikuwa wakila nini huko Kipsing, ambako wafugaji walikuwa wakirudi kwa miguu na fimbo tupu mikononi.

Mchungaji wake mwenyewe alikuwa miongoni mwa hao. Alifika Chechelesi, mtaa wa Isiolo alikokaa Dabaso, na kamba kumi na mbili begani, masalio ya ng'ombe sitini, akazishusha mlangoni, na Dabaso alipoziona hakuwa na haja ya kuuliza. Alimpa chai, akamwapisha asifungue kinywa, akamtuma kwa mamake huko Merti kabla majirani hawajaziona zile kamba. Kisha akaketi akafikiria atakavyoishi.

Usimwone mwongo. Dabaso alikuwa mtu ambaye kwa miaka thelathini hakuna dume lililobadilisha mmiliki sokoni Isiolo bila yeye kulishika nundu na kutoa neno. Kwa watu wake, salamu haijakamilika mpaka uulizwe kama mifugo ni salama. Mtu asiye na mifugo atajibu nini? Swali hilo lilimtisha kuliko njaa. Kwa hiyo akajibu kwamba ni salama, na kesho yake akajibu hivyo hivyo, na kwa kuwa uongo usiokua huanza kushukiwa, ilipofika Septemba aliona hana budi kuzalisha.

Njaa, hata hivyo, haikudanganyika. Chifu alikuwa akigawa unga wa msaada, ule wa manjano, kwa wote walioandikwa kuwa hawana kitu, na mtu mwenye ng'ombe sitini angeandikwaje? Mkewe, Gumato, hakubishana naye. Alikwenda uani, na kule ng'ambo ya ua wa miiba alikaa Regina, mama wa Kiturkana aliyeuza makaa na kuimba kwaya kanisani. Regina alimtazama shingo na mifupa yake, akaingia ndani, akatoka na unga ndani ya sufuria.

"Chukua, mama Tiya. Sisi tuko wachache."

Walikuwa saba. Gumato alichukua. Jioni ile Dabaso alikula ugali wa manjano, akaumeza, akauliza umenunuliwa duka gani. "Duka la karibu," mkewe akajibu, na tangu siku hiyo ikawa hivyo.

Tatizo kubwa lilikuwa sala. Dabaso alikuwa na sauti nene, na kwa kuwa kuta za Chechelesi hazimfichi mtu, alihofia kwamba akinyamaza katika dua majirani watajua hana cha kuombea. Basi kila baada ya sala aliinua mikono na kuomba kwa sauti: "Ya Rabi, nilindie ng'ombe wangu wa Kipsing! Wazidishie maziwa! Wale ndama, ya Rabi, wakinge na fisi!" Akimaliza alijihisi mpweke sana. Kumdanganya chifu ni jambo moja. Lakini alijua Yule aliyemwomba alikuwapo siku Guracha alipoanguka, na aliona aibu kukaa kwenye mkeka baada ya hapo, kwa hiyo aliukunja haraka na kutoka nje, akijifanya ana shughuli.

Mwezi wa Oktoba ulipoingia bila wingu, Sheikh Arero alitangaza watu wafunge siku tatu, na ya nne watoke wote uwanjani, upande wa mtaa wa Kiwanjani, kusali sala ya kuomba mvua. Kufunga kulimfaa Dabaso, maana kwa mara ya kwanza njaa yake ilipata sababu ya heshima. Siku ya nne sheikh alisema watu waje na nguo zao kuukuu, waje kinyonge, kama waombaji. Dabaso alivaa koti.

Lilikuwa koti la kijivu la sufu, alilolinunua Nanyuki miaka ya neema, na kwa nje lilikuwa bado linamheshimisha. Kwa ndani panya walikuwa wamelimaliza. Wiki chache nyuma Gumato, akiwa hana kitambaa kingine, alichukua gunia jeupe alilopewa na Regina baada ya unga kwisha, akalikata na kulishona kuwa bitana. Dabaso alipolalamika, mkewe alimwambia, "Baba Tiya, ndani nani ataona?" Chini ya koti alivaa shati lililobaki kola na kifua tu. Mgongo wa shati hilo ulikuwa umekatwa kuchujia maji ya kisima.

Alifika mapema akaketi safu ya mbele kabisa, kama ilivyompasa mwenye ng'ombe sitini. Kushoto kwake aliketi Umuro, mshindani wake wa zamani sokoni, aliyepoteza mifugo yake yote mwezi wa Juni na kulia waziwazi mpaka watu wakachoka. Umuro alivaa jaketi lenye matundu kama chujio. Dabaso alimhurumia.

Wakasali rakaa mbili, vumbi likiwajaa puani. Kisha Sheikh Arero akasimama kuhutubu. Aliwaambia watubu, waache dhuluma, warudishe haki za watu. Yote hayo Dabaso aliyapokea kwa utulivu. Halafu sheikh akasema: "Sasa tutasimama tuelekee Kibla. Mimi nitageuza joho langu, ndani litoke nje, kama alivyofanya Mtume wetu. Na nyinyi kila mmoja ageuze nguo yake ya juu. Tunamwomba Mungu ageuze hali yetu."

Dabaso hakuwa amewahi kuhudhuria sala hii. Katika viangazi vya nyuma alikuwa daima safarini na mifugo.

Akafikiria kuzimia. Sababu za kuzimia alikuwa nazo tele, lakini mtu akizimia jambo la kwanza watu humfungua koti. Akafikiria kulivua kabisa, akakumbuka shati. Akafikiria kujifanya hakusikia, ila sheikh alikuwa hatua tatu mbele yake na alikuwa na sauti ya kuamsha kaburi. Nyuma yake safu kumi na tano zilikuwa zikisimama, na makoti, mashuka na majaketi yalikuwa yakigeuka kwa mchakacho mmoja mkubwa. Akabaki yeye peke yake, ndani ndani, nje nje.

Umuro akamsogelea sikioni. "Dabaso, geuza."

"Nasikia baridi."

"Baridi gani? Jua hii? Watu yote wamegeuza. Unataka mvua inyeshe Meru peke yake?"

Hapo ndipo alipoona hatari yenyewe. Mvua isiponyesha, wilaya nzima itauliza ni nani hakugeuza, na jibu lilikuwa limesimama safu ya mbele. Angekuwa mtu aliyezuia mvua kwa ajili ya koti. Alivuta pumzi, akatoa mkono mmoja, akatoa wa pili, akaligeuza upesi kuliko macho ya watu, akalivaa na kutazama kaskazini, kule uwanda ulikokuwa mweupe kwa ukame mpaka mwisho wa upeo.

Mgongoni mwake ilikaa ile mikono miwili iliyoshikana, nembo ya magunia ya unga wa msaada, ambayo hakuna mtu wa Isiolo mwaka ule asiyeijua. Hata asiyejua alifu wala be aliweza kulisoma gunia lile. Chini ya mikono yalikuwapo maandishi makubwa ya Kiingereza, yaliyopita toka bega hadi bega, na Mwalimu Yattani, aliyesimama nyuma yake hasa, aliyatafsiri kwa mnong'ono kwa mtu aliyemuuliza: "Si ya kuuzwa, wala kubadilishwa." Hilo, kwenye mgongo wa Dabaso aliyeishi kwa kuuza na kubadilisha.

Kisha mtu akakohoa kwa namna isiyo ya kikohozi. Mwingine akabana pua. Kicheko kikasafiri kutoka safu hadi safu, kila mtu akijitahidi kukizuia kwa ajili ya Mungu, na mabega yakawa yanatikisika uwanja mzima. Sheikh Arero, aliyekuwa ameelekea Kibla, alisikia zile kwikwi nyuma yake akadhani watu wanalia. Akaguswa sana. Akainua sauti na kurefusha dua.

Dabaso alisimama na mikono yake hewani. Alingoja ardhi ipasuke, haikupasuka. Alingoja afe, akaona anaendelea kupumua. Jambo alilokuwa akilikimbia tangu Agosti lilikuwa limemfika, nalo lilikuwa kando yake, dogo kuliko alivyolidhania. Watu walikuwa wameona. Basi hapakuwa tena na haja ya kuomba kwa sauti ili majirani wasikie.

"Walikufa," akasema polepole, midomo ikigusana tu. "Guracha alikufa kwanza. Dima alijitahidi, unajua alivyokuwa mbishi. Wote, Mola wangu. Na wale ndama niliwatunga, nisamehe. Nilisema jike kwa sababu nilitaka jike."

Alipotamka hilo la jike machozi yalimtoka, na hakuyafuta kwa kuwa mikono ilikuwa juu. Aliwalilia ng'ombe wake kwa mara ya kwanza, mmoja mmoja kwa majina, hata hao wawili ambao hawakuwahi kuwapo. Hakupata jibu. Lakini alihisi, wazi kama anavyohisi mtu aliyeketi naye mkeka mmoja, kwamba anasikilizwa, na kwamba Msikilizaji alikuwa hapo muda wote, akimngoja amalize habari za fisi. Aibu ikamtoka. Alishangaa kuona kwamba amefurahi.

Dua ilipokwisha watu hawakumkabili moja kwa moja. Waligeuka wakampa mikono, wakamuuliza habari za nyumbani, wakaruka swali la mifugo kwa adabu kubwa. Ni Umuro pekee aliyebaki kando yake, akitazama viatu vyake.

"Na wale ndama?" akauliza.

"Hakuna ndama, Umuro."

"Mimi nilikuwa nawaombea," Umuro akasema. "Kila siku. Yangu ilikuwa imeisha, nikasema angalau ya Dabaso ibaki. Huyo jike nilikuwa nitakuomba unipe."

"Ningekupa," Dabaso akasema, na alisema kweli.

Kesho yake Dabaso mwenyewe alikwenda kwa chifu, akapanga foleni. Karani aliyeandika majina, kijana aitwaye Lotukoi, alimwinulia macho na kuweka kalamu chini.

"Mzee, hapa tunaandika watu hawana kitu. Wewe uko na ng'ombe sitini. Mji mzima inajua. Na mbili imezaa juzi."

"Wamekufa wote."

"Lini? Kabla kuzaa ama baada?"

Foleni ikacheka. Dabaso alijaribu kueleza, lakini kadiri alivyozidi kusema kwamba ni maskini ndivyo Lotukoi alivyozidi kumshuku, maana kwa miezi miwili alikuwa amedanganya kwa ustadi ambao sasa hakuweza kuutengua.

"Uko na shahidi?"

"Mungu ndiye shahidi wangu."

"Huyo anajua, sikatai. Lakini hapa tunataka mtu ataweka kidole kwa karatasi."

Sauti ya mwanamke ikapenya kutoka nyuma. "Nitaweka mimi. Andika huyo mzee, Lotukoi. Tangu mwezi wa nane unga yangu ndio wamekula." Alikuwa Regina, mikono yake myeusi kwa makaa, na tayari alikuwa anasogea mezani kutafuta wino.

Dabaso hakujua ainamishe kichwa au amtazame. "Mama," alisema, "Mungu akulipe."

"Atanilipa na nini, mzee? Wewe umemmaliza na maombi ya ng'ombe. Mimi niko hapo tu upande ya pili, nasikia. Siku ile ya fisi hata mimi niliomba." Akabonyeza kidole chake kwenye karatasi, akakipangusa kwenye leso, akarudi mahali pake katika foleni.

Dabaso alipita na unga wake katikati ya mji, begani, mchana kweupe. Aliyemsalimu alimwitikia. Muuza mahamri aliyezoea kumuuliza kila siku kama mifugo ni salama aliuliza tena, kwa mazoea, kisha akashika mdomo. "Wamekufa," Dabaso akamjibu, "lakini mimi nimesalimika," na wakatazamana kwa mshangao, kila mmoja akijiuliza jibu hilo limetoka wapi.

Gumato aliliona gunia. Aliligusa tu, akaenda kuwasha moto. Alasiri ilikuwa imeingia, na Dabaso akatandika mkeka chumba cha ndani.

Ugali uliiva. Gumato alitega sikio, akasikia kimya. Hapakuwa na Kipsing wala maziwa wala fisi. Akasubiri mpaka ugali ukaanza kupoa, akachungulia kwa wasiwasi, akamkuta mumewe ameketi pale pale, mikono mapajani, uso umelegea kama wa mtu aliyetembelewa na ndugu wa mbali.

"Baba Tiya, umelala?"

"La. Nakuja."

Alikuja, akanawa, akaketi. Gumato akamsogezea sahani. "Umeomba mvua?"

Mkono wa Dabaso ukasimama njiani. Alifikiri, akaonekana kufadhaika. "Nimesahau."

"Umekaa huko ndani muda wote huo, ukasahau mvua?"

"Tulikuwa na mengine ya kuzungumza," Dabaso akasema.

Gumato akamega kipande cha ugali, akampa, naye akamega chake, wakala.