Gari Ilizima

Tik. Kisha kimya. Kisha tik nyingine, kama kijiko kinachogonga ukingo wa glasi ya chai.

Faridah alikuwa amechuchumaa uani na birika lake la udhu, na adhana ya alfajiri ilikuwa bado haijasikika Kawempe, Kampala. Alidhani ni mfuniko wa sufuria. Akasikiliza vizuri. Sauti haikutoka jikoni. Ilitoka kwenye gari kuukuu la Atoo, lililoegeshwa chini ya bati la gereji ya mpwa wake Abudu, ukuta mmoja na chumba chake. Taa ndogo za dashibodi ziliwaka, zikafifia, zikawaka tena. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Abudu, na Abudu alikuwa amelala.

Faridah alimaliza udhu, akaswali, akabandika chai, ndipo akaenda kumgongea.

"Gari imeanza tena."

"Shangazi, ikiwaka taa niache nilale. Ikiwaka moto ndiyo uniamshe."

Lilikuwa gari la njia mbaya, refu la boneti, lenye mabenchi mawili nyuma yanayotazamana. Atoo, mwanamke wa biashara ya maharage, alilinunua mnadani akalipaka rangi ya kijani, akawa analipeleka kaskazini kwenye njia ambazo magari mapya hukataa. Lilivuta matope kama trekta. Ila lilikuwa na tabia moja: lilizima bila kuaga. Taa zote zilikufa, injini ikanyamaza, na baada ya muda kila kitu kikarudi kama vile hakuna lililotokea. Mafundi wa Ntinda walibadilisha altaneta. Mafundi wa Kabalagala walibadilisha swichi ya ufunguo. Mmoja wao alimshauri Atoo aliuze kwa mtu anayemchukia. Atoo akalileta kwa Abudu.

Faridah alilitambua siku lilipoingia. Mtu akiutazama mlango wa nyuma kwa upande, maandishi ya gari la wagonjwa yalionekana bado chini ya ile kijani. Kishikio kilikuwa kimepinda palepale kilipokuwa kimepinda zamani, siku alipokishika akimpandisha binti yake Halimah, uchungu wa uzazi umeshambana. Dereva alimwambia afuate na bodaboda. Faridah alifuata na bodaboda, akafika hospitali, akakaa kwenye ngazi akisubiri. Aliondoka nyumbani asubuhi. Gari lilifika jua likizama. Halimah alikuwa ameshakufa na mtoto wake tumboni.

Shirika lenye gari lilitoa maelezo. Madereva wake walikuwa askari wastaafu, na maelezo yao yalikuwa ya Kiswahili cha kambini, mafupi kama amri: Gari ilizima.

Tangu siku hiyo Faridah aliishi na maneno hayo mawili. Kama gari lilizima, basi ni waya tu, na waya hauna moyo wa kulaumiwa. Lakini kama waya ulikuwa mzima, basi kulikuwa na mtu. Hilo ndilo alilotaka kulijua kabla hajafa, na sasa gari lilikuwa limekuja lenyewe hadi ukutani kwake.

"Nitakusaidia kuitafuta hitilafu," alimwambia Abudu.

Abudu alichukua kitambaa safi, akapangusa kiti cha dereva, akamwekea mto.

Hitilafu inayokuja na kuondoka hutafutwa na watu wawili. Mmoja hulala chini ya gari akitikisa nyaya, moja baada ya nyingine. Mwingine hukaa juu na taa ya kupimia, balbu ndogo yenye nyaya mbili, akiitazama bila kupepesa. Mafundi wengi hukosa mtu wa kuishika taa hiyo, kwa sababu vijana huchoka wakaanza kutazama simu. Faridah hakuchoka. Alikuwa ameshatazama vitu vingi visivyobadilika.

"Iko?" Abudu aliuliza kutoka chini.

"Iko."

"Na sasa?"

"Iko."

Walianza na waya wa ardhi, ule unaorudisha umeme kwenye chuma cha gari, kwa sababu gari kuukuu likisumbua fundi huanza na ardhi. Abudu aliukwangua kutu mpaka ukang'aa. Wakaja kwenye fyuzi, kisha nyaya za taa, kisha zile zinazopita chini ya mabenchi. Hakuna uliokatika, hakuna uliolegea. Abudu alisema hajawahi kuona gari la umri huu lenye nyaya nzima namna hii, na alisema kwa huzuni kidogo, kwa sababu alijua shangazi yake anasikiliza.

Asubuhi moja wakiwa hapohapo, balbu ikapungua mwanga.

"Iko?"

"Imefifia," Faridah alisema. "Halimah amekuja."

"Amekaa wapi?"

"Benchi ya kushoto. Karibu na betri."

"Aa," Abudu alisema, akajivuta kutoka chini ya gari akifuta mikono. "Basi ndiyo maana. Karibu, dada."

Halimah alikuwa na gauni lake la maua, na koti la kiume mabegani. Magotini alikuwa na msichana mwenye mapengo mbele, wa umri ambao mtoto wake angekuwa nao. Walikuwa wamesikia baridi, Halimah alieleza, na umeme wa gari una joto kidogo ukiusogelea. Hawakujua kwamba unapungua kwa watu wengine. Aliomba radhi. Faridah alileta chai ya tangawizi na mandazi, akamfunika mtoto miguu na leso yake. Mtoto alinusa chai, akasema haina sukari ya kutosha.

"Huyu ni nani?" mtoto aliuliza.

"Haboba wako," Halimah alisema. "Mama yangu mimi."

Faridah aliongeza sukari. Alisubiri mtoto anywe. Kisha akauliza.

"Siku ile, mwanangu. Gari ilizima?"

"Haikuzima, mama," Halimah alisema. "Ilizimwa."

Akaeleza bila kupandisha sauti. Walikuwa wamefika karibu na hospitali pale simu ya dereva ilipolia. Alikuwa mkurugenzi wa shirika. Binti yake anaolewa, viti vimechelewa, gari liende Ntinda likavibebe. Dereva alisema ana mgonjwa. Mkurugenzi alisema ni dakika tu, wanawake huzaa kila siku. Basi dereva akageuza hadi Ntinda, akazima gari nje ya lango la wenye viti, na watu wa mkurugenzi wakachukua ufunguo ili asiondoke kabla kazi haijaisha. Walipakia viti vya plastiki pande zote za Halimah, wakavipeleka uwanja wa harusi, wakarudi kubeba vingine.

"Yule dereva alinipa koti lake," Halimah alisema. "Alilia sana. Mkimwona mwambieni ninalo bado."

Faridah alisema atamwambia. Alikunja kitambaa cha mandazi, akaenda kuvaa viatu.

Ofisini kwa shirika, karani alimpokea vizuri. "Karibu, jaja," alisema, kama wanavyoitwa mabibi wote wa Kampala, akampa maji, akamvutia kiti cheupe cha plastiki. Kilikuwa kiti imara. Faridah alisema hataki fidia. Anataka iongezwe herufi moja. Pameandikwa ilizima. Iwe ilizimwa.

Karani alitafuta maelezo, akayasoma, akaitazama nafasi ambapo herufi ingekaa.

"Nani anasema ilizimwa?"

"Binti yangu aliyekuwa ndani."

"Marehemu?"

"Ndiyo."

"Ana kitambulisho?"

"Kwa bahati mbaya kilipotelea hospitali. Kilikuwa ndani ya gauni."

Karani alitikisa kichwa kwa masikitiko. Kisha akauliza kama gari hilo, huko liliko, bado linazima. Faridah hakuzoea kusema uongo. Alisema linazima, binti yake akija.

"Unaona, jaja? Basi ilizima ni sahihi. Ingekuwa nzima, tungeangalia. Lileteni likiwa halizimi, nitawaita wakubwa waone."

Faridah alirudi nyumbani akiwa na jambo zito la kusema, akalisema alfajiri iliyofuata, akiwa ameshika mguu wa mtoto kwenye leso. Aliwaomba wasije kwa siku chache, mpaka gari likaonwe.

"Tutakaa wapi?" mtoto aliuliza.

"Tutangoja," Halimah alisema. "Sawa, mama."

Hawakuja. Asubuhi zile Faridah aliswali, akachemsha chai, akainywa peke yake. Balbu ya Abudu iliwaka bila kuyumba. Siku ya kulipeleka waliegesha gari katika uwanja wa shirika, injini ikinguruma, taa zote zimewashwa mchana kweupe, wipa zikipangusa kioo kikavu. Lilinguruma mpaka saa ya chakula bila kukohoa. Mkurugenzi mwenyewe alipita, sasa mwenye mvi na fimbo nzuri, akapigapiga boneti.

"Gari letu la zamani! Mmelitunza. Fundi nani?"

"Mimi, mzee," Abudu alisema.

"Umetengeneza vizuri sana. Lilitusumbua hili."

"Sijatengeneza kitu, mzee. Lilikuwa zima."

"Na unyenyekevu pia!" mkurugenzi alisema, akamwambia karani awape soda.

Karani alileta soda. Alieleza kwa upole, akiwa amesimama kwa heshima ya umri wa Faridah. Gari sasa halina hitilafu, kila mtu ameona. Mkurugenzi amempongeza fundi kwa kulitengeneza. Kilichotengenezwa kilikuwa kimeharibika. Kwa hiyo maelezo ya zamani yamethibitishwa, na ameshaandika hivyo pembeni ili jaja asisumbuke kurudi. Alimsindikiza mpaka langoni, akamshika mkono wakivuka mtaro. Faridah alimshukuru. Mkono ule ulikuwa mwema.

Atoo alikuja kulichukua gari siku ya pili, na magunia yake.

"Limepona?"

"Nyaya ni nzima," Abudu alisema. "Ni abiria wawili wanaovuta umeme. Mama na mtoto. Wakija, linafifia."

Atoo alifikiri. "Uzito wao?"

"Hawana."

"Wanagombana na watu?"

"Hapana. Mtoto anapenda sukari."

"Basi wakae. Nifungie betri ya pili, wawe na yao. Mimi njia ya Gulu hunichosha peke yangu, redio haishiki." Akamgeukia Faridah. "Na wewe, mama, nikipita Kampala nitapiga honi hapa."

Abudu alifunga betri ya pili, na kabla hajakaza nati ya mwisho walikuwa wameshakaa. Halimah alikuwa amevaa koti mpaka shingoni. Faridah alipanda, akakaa benchi la pili, magoti yake yakitazamana na yao.

"Hawakuongeza hiyo herufi," alisema. "Niliwanyima joto bure. Nisamehe, mwanangu."

"Tulikaa tu, mama," Halimah alisema. "Kungoja tunakujua."

Faridah alitaka kusema jambo lingine, lakini mbele Atoo alikuwa ameshawasha, na gari liliitika mara moja, taa zote safi. Alimbusu Halimah, akampa mtoto kifuko cha sukari, akashuka kwa shida, Abudu akimshika kiwiko. Gari lilitoka polepole, likakanyaga dimbwi la lango, likasimama kidogo kungoja bodaboda zipite.

Mtoto alitoa kichwa dirishani, midomo imejaa chembe za sukari.

"Haboba! Sisi tumekuja kwako mara nyingi. Sasa wewe, njoo utuone."