Betri za Bunduki ya Mbaraka

Kitu cha kwanza alichokiona Rogathe ni kandambili, moja ya bluu na moja ya kijani.

Ilikuwa saa nane mchana. Alikuwa ameanua betri kutoka kwenye gunia lililotandazwa nyuma ya ofisi, akazipangusa zilizotoa majimaji, akaanza kuzitia kwenye tochi za walinzi. Tochi ya Mbaraka haikuletwa peke yake. Ilikuwa imefungwa chini ya mtutu wa bunduki kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, kwa hiyo Mbaraka alitoa risasi, akaishika bunduki, na Rogathe akasukuma betri mbili kutoka nyuma. Kisha Mbaraka akaelekeza tochi ndani ya stoo ya singa, nyuzi za mkonge, ambayo haikuwa na dirisha, akaiwasha.

Mwanga ulikuwa wa njano, na ulifika sakafuni tu. Ndani yake zilikuwepo kandambili, na ndani ya kandambili vidole vya miguu. Juu ya vifundo vya miguu palikuwa na giza.

"Inawaka?" aliuliza Mbaraka, ambaye alikuwa ametazama pembeni.

"Inawaka," alijibu Rogathe.

Shamba lile la mkonge lilikuwa bondeni, chini ya milima, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Same mjini. Rogathe aliteremka kutoka Vudee baada ya kuacha shule darasa la tano, mama yake alipougua. Alifagia ofisi, alichemsha chai, na alianika betri. Kazi ya kuanika ilianza miaka ile ambayo maduka yalikuwa na rafu tupu, na betri iliyokwisha ililazwa juani ipate nguvu ya siku moja zaidi. Sasa biashara ilikuwa ruksa na maduka ya Same yalijaa hadi barazani, lakini shambani betri ziliendelea kuanikwa.

Kandambili zile zilikuwa za Lugano, mkata mkonge kutoka Rungwe. Wiki tatu kabla, alfajiri, Mbaraka alimulika kivuli chenye mzigo begani karibu na tenki la maji. Alisema simama mara mbili. Upepo ulikuwa mkali. Akapiga. Katika daftari la matukio iliandikwa kwamba Lugano, mwizi, aliuawa akitoroka na mtita wa singa. Mtita haukuonekana, ikaandikwa kwamba wenzake waliuchukua. Familia ya mwizi haikai kambini, kwa hiyo mjane wake, Ernesta, alipewa hadi mwisho wa mwezi awe ameondoka na watoto.

Baada ya siku chache walinzi wote walijua kwamba Lugano yumo kwenye mwanga wa bunduki ile. Tochi ikifunguliwa na kushikwa mkononi, hayumo. Ikifungwa tena mtutuni, yumo. Mbaraka alijaribu kuishika tochi kwa mkono mmoja na bunduki kwa mwingine, akashindwa, kwa sababu bunduki ilitaka mikono miwili.

Meneja, Bwana Wilbard, aliambiwa. Alisema tatizo ni aina ya betri, akaagiza aitwe Rogers, mwenye duka la vifaa vya umeme mjini.

Rogers alikuja Jumatano na boksi la biskuti lililojaa betri. Majaribio yalifanyika stoo, mlango ukiwa umefungwa. Ernesta alikuwa amesikia, akaja akasimama karibu na marobota. Hakuna aliyemfukuza.

"Shikamoo bosi," alisema Rogers. "Tuanze na hizi za kuchaji. Unaleta dukani kwangu mara moja kwa wiki, nakuchajia. Mwanga wake haufifii."

Rogathe alizitia. Lugano alionekana hadi kifuani, akiwa ametulia. Baada ya dakika nne mwanga ulikatika ghafla.

"Umezichaji kweli?" aliuliza Wilbard.

"Umeme jana ulikatika, bosi. Hilo nalo uniulize mimi?"

Akatoa nyingine, nzito, zenye mkanda wa dhahabu. "Sasa hizi ndizo zenyewe. Alkali, mzigo wa Dubai. Hazitoi maji wala hazianikwi. Na mkikaza springi kidogo, hata bunduki ikiruka zenyewe hazitikisiki."

Mwanga ulikuwa mweupe. Lugano alisimama kati ya marobota, mzima, kuanzia kandambili hadi nywele. Shati lake lilikuwa na vifungo vitatu, na cha chini kilikuwa cha rangi nyingine. Begani alikuwa na dumu la njano la mafuta ya kula. Maji yalikuwa yakidondoka kwenye kona yake moja.

"Si mnaona?" alisema Rogers. "Mpaka vifungo. Betri gani nyingine itakuonyesha kifungo?"

Ernesta alisogea mbele.

"Dumu letu hilo," alisema. "Lilitoboka pale chini, nikaliziba kwa sabuni. Bomba la kambini lilikuwa limekauka siku mbili, ndiyo maana alikwenda kwenye tenki. Bwana meneja, umeona mwenyewe. Sasa andika."

"Mama, daftari liliandikwa kwa kalamu," alisema Wilbard. "Halifutwi kwa tochi."

"Basi andika kwa kalamu hiyohiyo."

Wilbard alimwambia Mbaraka azime.

"Bosi, mimi naomba hizi," alisema Mbaraka gizani. "Nataka nimwone mtu ninayempiga."

"Mlinzi hahitaji vifungo."

Wakarudishia betri za zamani, za karatasi nyekundu, zilizoanikwa asubuhi. Katika mwanga wa njano Lugano alibaki kandambili mbili, na juu yake kitu cheusi chenye mzigo, ambao ungeweza kuwa dumu na ungeweza kuwa mtita.

"Hizi zinatosha," alisema Wilbard.

Jioni ile iliandikwa kwamba shamba litaendelea na betri za kiwanda cha nyumbani, ili kubana matumizi na kuunga mkono bidhaa zetu. Rogers alifunga boksi lake bila kununa. Wilbard alinunua jozi moja ya zile za dhahabu kwa fedha yake mwenyewe, akampa Rogathe.

"Zitie kwenye redio yangu," alisema. "Unajua zinavyokaa."

Rogathe alijua. Alizitia.

Mwisho wa mwezi alimsaidia Ernesta kubeba godoro hadi barabara kuu. Watoto walikaa juu ya sufuria. Kandambili za Lugano, moja ya bluu na moja ya kijani, zilikuwa zimefungwa kamba juu ya furushi. Walisubiri lori la vitunguu ambalo dereva wake alikubali kuwafikisha Chalinze.

"Mdogo wangu," alisema Ernesta, "wewe ndiye mtu wa betri. Siku ile ya mume wangu, zilikuwa nzima?"

Rogathe alitazama lami.

"Zilikuwa za siku zote, dada."

"Haya," alisema Ernesta. Lori likafika, likasimama, likaondoka.

Jua lilipoanza kuzama nyuma ya mkonge, Mbaraka alileta bunduki kama kawaida. Ofisini redio ya meneja ilikuwa inasoma taarifa ya habari, sauti ikiwa safi. Rogathe alisukuma betri mbili zenye joto. Mbaraka akawasha kuelekea stoo, akatazama pembeni. Kandambili zilikuwepo, visigino vimelika upande mmoja.

"Inawaka?"

Rogathe alisogea mpaka kwenye mlango wa stoo, akainama kidogo, kama mtu anayemwamkia mkubwa aliyeketi.

"Shikamoo kaka Lugano," alisema. "Siku moja kabla hujapigwa kulikuwa na betri mbili mpya. Jioni yake nilizitoa kwenye bunduki nikazitia kwenye redio ya bosi, kwa sababu kulikuwa na mpira, na nikamwachia Mbaraka zile ambazo hata jua zilikuwa zimelikataa."